Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kununua albamu za roki ya progresivu na metali ukiwa Mwanza

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila wapenzi wa muziki huu wa Mwanza, Musoma na Bukoba wanapoonyeshana walichonunua karibuni. Tumeyapa namba. Jibu likikuelekeza kwenye namba nyingine, nenda huko. Kama huna muda, soma namba 6 na 11 kabla hujatuma pesa: hasara nyingi za wanunuzi wa huku kwetu huanzia hapo, maana diski ikishafika ziwani kuirudisha ilikotoka ni gharama kuliko diski yenyewe.

## Mwanzo kabisa

1. Roki ya progresivu ni ipi, na inaachana wapi na metali ya progresivu?

Ilichipuka Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960, wanamuziki wa roki walipochoka na wimbo wa dakika tatu wenye ubeti na kiitikio. Wakaanza kujenga vipande virefu vya sehemu nyingi, mapigo ya tano na ya saba, kinanda cha Mellotron, filimbi na saksafoni. Albamu ya kwanza ya King Crimson, iliyotoka Oktoba 1969, ndiyo wengi huanzia kuhesabu. Kisha Yes, Genesis, Jethro Tull na Pink Floyd wakaipanua njia hiyo miaka ya 1970.

Metali ya progresivu ina fikra hizo hizo, ila magitaa ni mazito na ngoma ni kali. "Images and Words" ya Dream Theater (1992) iliufungua mlango kwa wasikilizaji wengi. Opeth, Tool, Meshuggah na Gojira wamo humu, lakini hakuna anayefanana na mwenzake. Tena bendi moja hubadilika: Opeth waliacha sauti ya kunguruma kuanzia "Heritage" (2011) na hawakuirudisha kwenye albamu hadi "The Last Will and Testament" ya Novemba 2024. Kwa hiyo mtu akikusifia bendi, muulize ni ya miaka gani.

2. Nianze na albamu ipi?

Aliyekulia kwenye muziki wa dansi, akazoea kungoja sebene dakika ya tano, sikio lake liko tayari kuliko anavyodhani. Tungemwanzisha na "Moving Pictures" ya Rush (1981): ina dakika 40 tu, na kila chombo kinasikika wazi. Anayetaka uzito wa kiasi achukue "In Absentia" ya Porcupine Tree (2002). Asiyeogopa kunguruma aende moja kwa moja kwenye "Blackwater Park" ya Opeth (2001). Isikilize yote mara mbili mtandaoni kabla ya kununua. Mara ya kwanza utapotea, ni kawaida.

3. Kwa nini ninunue wakati kila kitu kiko mtandaoni?

Kwanza, si kila kitu, na si wakati wote. Albamu za Tool hazikuwepo kwenye huduma za kusikiliza mtandaoni hadi Agosti 2019, na za King Crimson zilichelewa hadi mwaka huo huo. Pili, toleo lililoko mtandaoni linaweza kubadilishwa bila wewe kuambiwa (namba 5). Tatu, bando. Albamu ya saa moja ukiisikiliza mara thelathini kwa mwezi, umelipia data ya kutosha kuwa na faili lako mwenyewe.

Na nyimbo za kuingiziwa kwenye flashi kibandani? Aliyezitunga hapati kitu. Zaidi ya hapo, kwa muziki huu mara nyingi zimebanwa kupita kiasi na mpangilio wake umevurugika.

## Kuchagua toleo

4. CD, santuri au mafaili: kipi kinafaa kwa mtu wa huku?

CD hubeba hadi dakika 80 hivi, kwa hiyo albamu ndefu ya metali huingia nzima bila kugeuza upande. Na kasha lake ni takriban gramu 100 tu, jambo lenye maana kubwa unapolipia usafirishaji kwa uzito. Bado hatujaona kitu kinachoishinda kwa thamani ya pesa.

Santuri ina jalada kubwa na raha yake haielezeki kwa maneno, lakini ikiwa kwenye boksi la posta hufika nusu kilo, na albamu ya santuri mbili huzidi hapo. Upande mmoja hubeba vizuri dakika 18 hadi 22. Ukizidi, mifereji hubanana, sauti hushuka, na karibu na katikati mlio huanza kukwaruza. Upande wa pili wa "Foxtrot" ya Genesis (1972) una zaidi ya dakika 24, na unahitaji sindano nzuri ili usikike inavyostahili. Ndiyo maana "Blackwater Park", yenye dakika 67, kwenye santuri huwa diski mbili.

Mafaili hayana posta wala forodha. Chagua FLAC, aina ya faili ambayo haipotezi chochote cha sauti na unaweza kuibadilisha kuwa MP3 baadaye. MP3 haigeuzwi kuwa FLAC ya kweli. Albamu ya dakika 60 katika MP3 ya 320 (kilobiti 320 kwa sekunde) ni MB 144. Katika FLAC ya ubora wa CD ni kama MB 300 hadi 450, na metali huwa upande wa juu kwa kuwa muziki uliojaa kelele kila sekunde haubaniki sana.

Ushauri wetu: mafaili kwa bendi changa, CD kwa albamu kongwe, santuri kwa zile chache unazozipenda kiasi cha kutaka kuzishika mkononi.

5. Rimasta na rimiksi ni kitu kimoja?

Hapana, na tofauti hii ndiyo inayowachanganya watu kuliko zote. Rimasta huchukua mchanganyiko ule ule wa stereo uliokamilika zamani na kuurekebisha kiasi cha sauti, besi na wembamba wake. Rimiksi hurudi nyuma zaidi, kwenye kanda za studio ambako gitaa, ngoma na sauti ya mwimbaji viko mbalimbali, kisha albamu huchanganywa upya. Steven Wilson wa Porcupine Tree amefanya rimiksi za King Crimson, Jethro Tull, Yes na Gentle Giant, na katika hizo unasikia vitu vilivyokuwa vimefunikwa.

Rimasta si lazima iwe bora. Kuanzia miaka ya 1990 CD nyingi zilipandishwa sauti hadi tofauti ya kipande kimya na kipande kikali ikapotea, na huko ndiko muziki huu unakoishi. "Vapor Trails" ya Rush (2002) ilisumbuliwa na tatizo hilo kiasi kwamba ilichanganywa upya yote na kutolewa tena 2013. Ukiinunua, angalia kama imeandikwa kuwa ni ya rimiksi.

6. Nitajuaje ni toleo lipi hasa kabla ya kulipa?

Usitegemee mwaka ulioandikwa nyuma ya jalada. Santuri iliyochapwa upya juzi bado inaweza kubeba 1973, kwa sababu huo ni mwaka wa haki ya muziki wenyewe. Angalia vitu vitatu kwa mpangilio huu. Kwanza namba ya katalogi iliyo mgongoni mwa jalada na kwenye lebo ya diski. Pili msimbo wa mistari. Tatu, na hiki ndicho kinachomaliza ubishi, herufi na namba zilizochongwa kwenye diski yenyewe: kwa santuri ziko sehemu tupu kati ya mwisho wa mifereji na lebo, kwa CD ziko kwenye duara la ndani, upande unaong'aa.

Muombe muuzaji picha ya alama hizo, kisha zitafute Discogs, tovuti ya orodha na mauzo ya albamu ambako kila toleo lina ukurasa wake. Muuzaji anayekataa kutuma picha moja ya namba, achana naye.

7. Alama za NM, VG+ na VG zina maana gani?

Ni viwango vya hali ya bidhaa iliyotumika. M ni mpya kabisa, haijaguswa. NM ni karibu mpya. VG+ ina alama ndogo zinazoonekana lakini hazisikiki sana. VG inasikika mikwaruzo palipo kimya. G, licha ya herufi yake kumaanisha "nzuri", si nzuri hata kidogo. Alama huwa mbili, ya diski na ya jalada, na huandikwa kwa zamu hiyo.

Kwa roki ya progresivu usishuke chini ya VG+ kwenye santuri, maana ina vipande vingi vya gitaa la pekee na kinanda cha taratibu ambapo kila mkwaruzo utakufuata. Kwa metali ya mfululizo, VG inavumilika. Kwa CD, VG mara nyingi hupiga bila tatizo.

8. Nimeona santuri ya rangi, "toleo la nakala 500", bei nafuu. Ni halali?

Kuwa na shaka. Santuri zisizo rasmi mara nyingi hazina nembo ya lebo inayofahamika, hazina msimbo wa mistari, na picha ya jalada ina ukungu kwa sababu imepigwa kutoka jalada jingine. Nyingi huchapwa kutoka kwenye CD au hata MP3, hivyo unalipia santuri unasikia faili. Discogs hairuhusu kuuza matoleo yasiyo rasmi. Ukurasa wa toleo hilo ukionyesha limezuiwa kuuzwa, jibu umelipata.

## Kulipa

9. Sina kadi ya benki inayokubali mtandaoni. Nalipaje?

Njia rahisi ni kadi ya mtandaoni ya kampuni ya simu. M-Pesa hutoa ya Visa na Airtel Money ya Mastercard. Unaifungua kwenye menyu ya simu, unapewa namba 16, tarehe ya mwisho na tarakimu 3 za siri. Kama una kadi ya benki, uliza kama ununuzi wa mtandaoni umewashwa. Mara nyingi huzimwa hadi uombe.

Malipo yakikataliwa, sababu huwa mojawapo ya hizi. Salio ni sawasawa na bei: ongeza asilimia 5 hivi, kwa kuwa kiwango cha kubadilishia fedha cha kadi si kile ulichokiona mtandaoni. Au sehemu ya postikodi imeachwa wazi: weka tarakimu 5 za kata yako. Au ni oda ya albamu ambayo haijatoka: baadhi ya maduka hukata pesa siku ya kusafirisha, pengine miezi miwili baadaye, wakati kadi yako haina kitu.

10. Bandcamp Friday ni nini?

Ni Ijumaa zilizotengwa, zilizoanza Machi 2020, ambapo Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni, haichukui fungu lake na pesa yote, ukiondoa makato ya malipo, huenda kwa bendi au lebo. Siku za kawaida hukata asilimia 15 kwenye mafaili. Tarehe hutangazwa kabla, na si kila mwezi. Ukinunua CD au santuri humo, kwa kawaida unapata na mafaili papo hapo, kwa hiyo unasikiliza wakati kifurushi bado kiko njiani.

11. Nipigeje hesabu ya gharama yote hadi albamu ifike mkononi?

Forodha haihesabu bei ya diski peke yake. Thamani ya kutozwa ni bei pamoja na usafirishaji na bima. Juu yake unawekwa ushuru wa forodha kulingana na kundi la bidhaa, kisha VAT ya asilimia 18 juu ya jumla ya hapo, na tozo ndogo ndogo.

Chukua mfano, namba za kujifunzia tu. CD moja ya pauni 11, usafirishaji pauni 9: jumla 20. Tukichukulia ushuru wa asilimia 25, ongeza 5, inakuwa 25. VAT ya 18% ni 4.50. Umefika pauni 29.50 kwa CD moja. Sasa CD tatu za pauni 11 kwa usafirishaji wa pauni 14: jumla 47, ushuru 11.75, VAT 10.58, mwisho pauni 69.33, yaani kama 23.11 kwa kila moja. Diski ni ile ile, umeokoa zaidi ya pauni 6 kwa kila CD. Hii ndiyo sababu ya namba 14.

Kitu kingine: bei nyingi za maduka ya Uingereza zina VAT yao ya asilimia 20 ndani. Maduka kadhaa huiondoa ukiweka anwani ya Tanzania, hivyo ingiza anwani kwanza ndipo ulinganishe bei.

## Usafirishaji

12. Niandike anwani gani?

Jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho, S.L.P., Mwanza, Tanzania, na namba ya simu ikianzia +255. Usiache simu, maana ndiyo utakayoitwa kwayo. Kama huna sanduku, tumia la ofisi au la ndugu kwa ruhusa yake, na liandike jina lako juu, la mwenye sanduku chini. Ukienda kuchukua, beba kitambulisho na risiti ya ununuzi iliyochapwa kwenye karatasi; bei ikiwa na ushahidi, makadirio hayawi ya kubahatisha.

13. Kifurushi hakisogei. Nifanye nini?

Angalia namba ya kufuatilia. Ya posta ina herufi 2, tarakimu 9 na herufi 2 za mwisho zinazoonyesha nchi ilikotoka: GB Uingereza, DE Ujerumani, US Marekani. Namba isiyo na umbo hilo huenda ni ya ndani ya nchi ya muuzaji tu na haitaonekana huku. Ikiwa imeandikwa imewasili Tanzania, nenda Posta mwenyewe na namba hiyo badala ya kusubiri ujumbe. Ikiwa haijaondoka kwao, mwandikie muuzaji mapema, kwa kuwa muda wa kudai huisha.

14. Tunawezaje kuagiza pamoja?

Mmoja awe mwagizaji, kwa jina moja na anwani moja. Wengine wamtumie pesa kabla ya oda, siyo baada. Gawaneni usafirishaji kwa uzito, siyo kwa idadi: mwenye santuri mbili asilipe sawa na mwenye CD. Tunaona CD tano hadi nane ni kiasi kizuri kwa boksi moja. Oda isichanganye albamu iliyopo na ambayo haijatoka, la sivyo wote mtasubiri ile ya mwisho.

Kugawa mzigo ukishafika ni rahisi. Wa Geita na Bukoba hutumiwa kwa basi kutoka Nyegezi, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 mabasi hayapangi tena foleni ya kivuko. Bukoba pia kuna MV Victoria. Wa Ukerewe hupokea Nansio.

Lakini santuri usiikabidhi iingie kwenye buti. Huko kuna joto, na juu yake zitawekwa ndoo za dagaa zinazovuja. Ifunge kwa nailoni, iweke kati ya mbao nyembamba au maboksi mawili magumu, na muombe konda aisimamishe ndani, mbele. Ikilazwa chini ya mzigo kwenye joto saa tano, itapinda.

15. Nairobi kuna kitu?

Kenyatta Market kuna biashara ya santuri zilizotumika inayofahamika. Nyingi ni za Kiafrika, soul na roki ya kawaida. Za progresivu hutokea kwa bahati. Faida ni kwamba unaiona na kuisikia kabla ya kulipa. Ukirudi kwa basi kupitia Sirari, weka risiti karibu na useme ulichobeba.

## Kupiga

16. Nina sabufa tu. Inatosha?

Inatosha kuanzia, ukiirekebisha. Sabufa nyingi zimetengenezwa kufurahisha kwa besi, na besi hiyo humeza gitaa la besi la kupiga noti moja moja, ambalo kwa Yes au Rush ndilo nusu ya wimbo. Shusha kitufe cha besi hadi chini ya nusu. Toa boksi la besi kwenye kona ya chumba, kwa sababu kona huliongezea mvumo. Spika ndogo mbili ziweke kimo cha masikio, umbali sawa kutoka unapokaa, siyo zote juu ya kabati la televisheni.

17. Kwa nini nikipiga kwa flashi nyimbo zilizoungana zinakatika, au mpangilio unavurugika?

Sabufa husoma faili moja, husimama, kisha hufungua linalofuata. Kwenye albamu ambazo nyimbo zinaingiana, unasikia pengo. Dawa ni kupiga kutoka kwenye simu yenye programu inayopiga bila mapengo, kwa waya wa AUX, au kuunganisha albamu nzima iwe faili moja refu.

Mpangilio ukivurugika, anza majina ya mafaili na 01, 02, 03 na unakili kwa zamu hiyo. Flashi iwe FAT32. Kama haisomi kabisa, pengine uliweka FLAC; geuza nakala iwe MP3 ya 320 na ile FLAC uibakize kwenye kompyuta.

18. Ndugu yangu ataniletea mashine ya santuri kutoka Marekani. Itafanya kazi?

Hapa watu wengi huumia. Umeme wao ni volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde, wetu ni 230 na mizunguko 50. Transfoma hushusha volti lakini haigusi mizunguko. Mashine za zamani ambazo mota yake hufuata mizunguko ya umeme zitazunguka asilimia 17 polepole zaidi: badala ya 33⅓ kwa dakika utapata kama 27.8, na muziki utashuka karibu nusu-toni tatu. Baadhi zina puli ya mizunguko 50 ya kubadilisha. Ulizia kabla.

Mashine inayotumia adapta ndogo ya volti 12 haina tatizo hilo, badilisha adapta tu. Ya kutoka Uingereza huchomekwa moja kwa moja. Hata plagi ni ile ile.

19. Nimeunganisha mashine ya santuri kwenye AUX, sauti ni ndogo na nyembamba.

Mlio wa sindano unahitaji kikuza sauti cha santuri kabla ya kuingia AUX. Geuza mashine nyuma: nyingi mpya zina swichi ya PHONO na LINE, weka LINE. Kama haipo, nunua kikuza cha pembeni. Uzito wa sindano nao upime; usikisie kwa kidole. Audio-Technica VM95E, kwa mfano, hutaka gramu 1.8 hadi 2.2, na 2.0 ndiyo ya kawaida. Nyepesi mno huruka na kuchuna mfereji, kinyume na watu wanavyofikiri kwamba uzito ndio unaoharibu.

## Kutunza

20. Unyevu wa ziwani unaharibu?

Jalada ndilo la kwanza kuumia. Msimu wa mvua ukungu hushika karatasi zilizobanwa ukutani. Simamisha santuri wima, acha nafasi ya vidole viwili nyuma, na usiziweke kwenye ukuta unaopokea jua la jioni. Karatasi ya ndani ibadilishe kwa mfuko laini wa plastiki. Mifuko ile minene ya PVC iepuke, hutoa mvuke unaoacha ukungu mweupe kwenye diski. Wakati wa wadudu wa ziwani wanaofuata taa, kifuniko cha mashine kishushwe. Mmoja tu kwenye sindano anatosha kuharibu upande mzima.

21. Nisafishe santuri kwa kitu gani?

Maji yaliyotoneshwa sehemu 3, pombe ya isopropili sehemu 1, tone moja la sabuni ya vyombo kwa lita. Maji hayo huuzwa kama maji ya betri. Soma chupa vizuri: unataka maji, siyo asidi. Maji ya bomba huacha chumvi mferejini yakikauka. Spiriti ya rangi ya dukani usitumie. Futa kwa kitambaa laini kufuata mfereji, usikatize, na lebo isilowe. Santuri za zamani za kasi ya 78 usiziguse kwa pombe kabisa, nyingi ni za shelaki na zitayeyuka.

22. Umeme ukikatika katikati ya wimbo?

Inua mkono wa sindano, zima ukutani, subiri. Umeme unaporudi huja na mruko, kwa hiyo mashine na amplifaya vipitie kwenye kifaa cha kulinda kama kile cha friji chenye kuchelewesha dakika chache.

## Kuonyesha ulichonunua

23. Niandike nini nikionyesha albamu mpya?

Bendi, albamu, mwaka wa kwanza kutoka, mwaka wa toleo lako, namba ya katalogi, idadi ya diski, hali ilivyofika, na siku ilizochukua. Mfano: "Steven Wilson, The Overview, Machi 2025, CD moja, imefika siku ya 26, kona ya jalada imebonyea." Kisha sema unavyoisikia, baada ya kuisikiliza mara tatu angalau. Albamu hiyo ni vipande viwili tu kwa dakika 42 hivi. Hukumu ya usiku wa kwanza haimsaidii mtu.

Kwenye picha ziba karatasi ya posta. Ina jina lako, simu na sanduku lako.

24. Je, nitaje na bei?

Ndiyo, na iwe ya mwisho baada ya forodha (namba 11). Bei ya dukani peke yake humdanganya anayefuata.

## Mambo ya pembeni

25. Naweza kuagiza CD ya Tool yenye skrini?

Toleo maalumu la "Fear Inoculum" (2019) lina skrini ya inchi 4, spika na betri ya kuchaji ndani ya kasha. Betri ya lithiamu hufuata masharti ya usafiri wa anga, na baadhi ya posta huikataa. Muulize muuzaji atatumia njia gani na ataiandikaje kwenye fomu. Anayesema ataiandika "CD" tu, mwambie hapana, kwani ikigunduliwa inaweza kuzuiwa njiani. Iliyokaa miaka kadhaa bila kuchajiwa, betri yake inaweza kuwa imekufa, ila CD yenyewe hupiga kama kawaida.

26. Kuna ya Kiafrika inayokaribiana na hii?

Ipo, na inastahili fedha zako. Zambia ya miaka ya 1970 ilikuwa na wimbi zima la roki: WITCH walitoa "Lazy Bones!!" na Amanaz walitoa "Africa", zote 1975. Santuri za wakati huo ni ghali mno, lakini zimechapwa upya. Kwa uzito wa leo, Duma wa Nairobi walitoa albamu yao ya 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, jirani zetu wa ng'ambo ya ziwa. Ni kali hata kwa aliyezoea metali, sikiliza kwanza.

27. Boksi langu lina DVD-Audio au Blu-ray. Deki ya kawaida itasoma?

Blu-ray haitasoma kwenye deki ya DVD. DVD-Audio za mfululizo wa King Crimson ulioanza 2009 zina sehemu inayosomeka na deki za kawaida pia, kwa hiyo utasikia, ingawa si kwa ubora wa juu kabisa. Kama huna spika tano na besi, chagua stereo kwenye menyu. Mchanganyiko wa spika sita ukipigwa kwa mbili hupoteza sauti za nyuma.

28. CD yangu ya zamani imegeuka rangi ya shaba. Nimeharibu mimi?

Hapana. Tafuta kwenye duara la ndani maneno "MADE IN U.K. BY PDO". Kiwanda hicho cha Blackburn, Uingereza, kilitoa CD kati ya takriban 1988 na 1993 ambazo rangi yake ya juu haikuzuia salfa ya karatasi ya kijitabu. Aluminiamu ya ndani huliwa kuanzia ukingoni kuelekea katikati, na kwa kuwa CD husomwa kutoka katikati kwenda nje, nyimbo za mwisho ndizo hufa kwanza.

Haitibiki. Inakilishe mara moja kwa programu inayorudia kusoma palipo na kosa, kama Exact Audio Copy kwenye Windows, ukiipa kasi ndogo, na uhifadhi katika FLAC. Ukitaka kununua nyingine ya albamu hiyo, pitia namba 6 na umuombe muuzaji picha ya duara la ndani, usije ukaletewa ya kiwanda kile kile.